Kasha la Marehemu

Pua yake haikuwahi kukosea hata siku moja. Alijisifu hivyo kila alipopata msikilizaji, kisha akaongeza mwenyewe: ila siku ya harusi yake, maana siku hiyo alikuwa na mafua.

Mtaani walimwita Bi Pua, na asubuhi ile pua ilikuwa kazini. Alikuwa ameinamia kompyuta iliyofumuliwa juu ya meza ya fundi, mdomo ameuziba kwa kitambaa.

"Sigara," alisema, akageuka kutema mate nje ya mlango. "Lete nyingine."

Mwanawe alikuwa anaunda kompyuta ya kuhifadhia picha. Simu yake ilikuwa imetumbukia chooni, shimoni kabisa, pamoja na picha zote za mtoto wake tangu kuzaliwa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuifuata. Sasa alitaka mtambo mmoja ukae nyumbani, kila simu ya familia itupie picha zake humo kwa waifai. Diski alikuwa ameshazichagua: mbili mpya zinazofanana, kila picha iandikwe kotekote, moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu. Bi Pua aliposikia hivyo alisema ni kama yeye na marehemu mumewe, tofauti ni kwamba marehemu hakumwachia kitu.

Bodi na feni vilipatikana. Kilichokosekana ni kasha la bati la kuvitia, na makasha ya fundi yote yalikuwa mitumba. Hili lilijaa manyoya ya paka. Lile lilikuwa na mende waliokauka miguu juu, kama wamefia mkutanoni. Mengine yalinata: vumbi lilikuwa limeshikana na masizi ya sigara, la kahawia, la kukwangua kwa kisu. Fundi alijitetea kwamba kompyuta hupumua hewa ya chumba ilimokaa. Mwenye nyumba akivuta, nayo inavuta.

"Funika, nisije nikakutapikia dukani," alisema Bi Pua, akatia karafuu mdomoni. Alitafuna karafuu kutwa nzima. Ni kwa ajili ya fizi, alisema.

Mwanawe hakumwona anajidekeza. Mtoto wake alikuwa na pumu, na yeye alikuwa ameweka sheria: atakayeleta sigara nyumbani, awe nani, afunge mizigo yake. Wala hayakuwa maneno matupu. Mjomba wake, kaka wa Bi Pua, alikuwa amehamia kwao baada ya kustaafu. Siku moja kikaonekana kipisi cha sigara nyuma ya tangi la maji, sigara fupi isiyo na kichungi. Mjomba aliapa mpaka machozi yakamtoka kwamba si chake. Akaitwa Bi Pua anuse. Alikiinua kwa kijiti, akanusa, akamnusa na kaka yake shati, akakunja uso kama aliyekanyaga mavi ya mbwa.

"Ni yeye," alisema.

Mzee wa watu akaondoka na begi lake. Sasa amepanga kijichumba nyuma ya gereji, kinanuka oili chafu mpaka kwenye mto, na dada yake husema hiyo ndiyo saizi yake.

Fundi, alipochoka kufungua na kufunika, aliuliza kama nyumbani hawana kompyuta yoyote ya zamani. Kasha ni bati tu, alisema, mradi liwe na vyumba vya diski.

"Ipo ya marehemu baba," alijibu mwana. "Mama ameifanya meza ya redio chumbani kwake. Na baba hakuwahi kugusa sigara."

"Ile haifai," alisema Bi Pua. "Haina nafasi. Imejaa."

"Umejuaje, Mama?"

"Nzito. Mimi ndiye ninayeipangusa." Kisha akalirudia lile kasha la mende, akalizungusha, akasema ukilitazama vizuri si baya hivyo. Mende si sigara. Mende akishakufa anafagiwa, yameisha.

Fundi alimtazama mwana, mwana akamtazama fundi. Wakabeba vifaa, wakaenda nyumbani.

Njiani Bi Pua aliumwa goti. Mlangoni aliwaomba wanywe chai kwanza. Chumbani alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akawakumbusha kwamba vitu vya marehemu vina heshima yake, havifumuliwi kama kuku wa kunyonyolewa. Mwanawe akamwonea huruma. Alimwahidi kwa upole kwamba hawaitupi, wanaitia picha za mjukuu wake, na za baba mwenyewe. Akaishusha redio, akaondoa kitambaa.

Fundi alipiga magoti, akatoa bisibisi, kisha akairudisha mfukoni. Skrubu zilizunguka kwa vidole.

"Hii ilifunguliwa mara ya mwisho lini?"

"Ilikuwa ni yeye mwenyewe aliyeifungua, Mungu amrehemu," alisema Bi Pua. "Mimi hata sijui inafungukia upande gani."

Fundi alivuta ubavu wa kasha, akachungulia. Aliponyanyua uso alimtazama mwana, si mama.

"Mama alisema kweli," alisema. "Imejaa."

Katika vyumba vyote vinne vya diski zilikuwa zimepangwa pakiti za sigara, fupi, zisizo na kichungi, na kando yake, kwenye kona ya feni, kiberiti na mfuko wa karafuu.