Ugonjwa wa Mama

Binti yangu alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya tahajia ya Kiingereza, mimi napiga pasi, mama yangu kajilaza kwenye kochi, mkono kifuani. Madaktari watatu walikuwa hawajaona kitu.

"Nostalgia," binti akasoma, akalitaja herufi kwa herufi. "Asili yake Kigiriki: kurudi nyumbani, na maumivu. Daktari wa zamani ndiye aliyelibuni, liwe jina la ugonjwa."

Mama akaketi. "Kumbe una jina. Na dawa?"

"Hawakuandika, bibi."

"Basi na hao madaktari ni walewale."

Miezi saba aliyokaa kwangu nilikuwa namwambia paa la nyumba yake linavuja. Fundi alishalimaliza zamani; mimi ndiye niliyeogopa kumwacha aishi peke yake.

Nikazima pasi.

"Mama," nikasema, "fundi amepiga simu."