Dereva Asiyejulikana Aliko

Kwa mara ya tano, Kemboi alimsikia wakili wa kampuni akiiambia korti kwamba dereva Kemboi hajulikani aliko.

Alikuwa ameketi safu ya tatu, hatua chache tu nyuma ya wakili huyo, kofia mapajani.

"Alichukua lori bila ruhusa, Mheshimiwa," wakili aliendelea. "Siku hiyo hakuwa kazini. Tumemtafuta kila mahali. Tunaomba tarehe nyingine."

Kando ya Kemboi, Wangare alishusha pumzi. Magongo yake yalikuwa ukutani. Mwaka uliopita alikuwa akiuza viazi kando ya barabara pale Mai Mahiu, yeye na mdogo wake Joan, lori lilipotoka mteremkoni likashindwa kusimama. Joan alifia papo hapo, juu ya magunia. Wangare alikatwa mguu wa kulia juu ya goti. Hii ilikuwa kesi yake ya fidia, na mara nne kampuni ilikuwa imeomba iahirishwe.

Aliyeshika usukani siku hiyo ni Kemboi. Lori liliposimama aliruka, akakimbia akichechemea, akavuka mashamba bila kuangalia nyuma. Jioni Jeff, mwenye kampuni, akampigia.

"Enda ukae kwa ndugu yako huko Ndabibi. Zima simu. Hii maneno nitaimaliza mimi."

Kemboi alidhani kuimaliza ni kuwashughulikia walioumia.

Miezi ilipita kabla ya kusikia kwamba kuna kesi Naivasha. Alikwenda kusikiliza tu, ajue anasemwa vipi. Mwanamke mwenye magongo akasogea, akampa nafasi kwenye benchi. Alipomuuliza jina, akajiita Kibii, akasema hata yeye ana kesi ya ajali. Mwanamke hakuuliza ni ajali gani.

Tangu siku hiyo Wangare alimwekea nafasi. Alikuja na chai ya thermos na viazi vya kuchemsha, wakala pamoja nje wakingoja kesi iitwe. Kila walipoachana alimuuliza swali lile lile.

"Tarehe hiyo ingine utakuja, Kibii?"

"Nitakuja, dada."

"Niahidi."

Naye aliahidi.

Siku moja, akimmenyea kiazi, Wangare alisema, "Huyo dereva, mimi sina haja afungwe. Nataka tu asimame aseme nani alimtuma."

Kemboi alikipokea kiazi. Mara nyingi aliamka usiku akijiambia atasema, na asubuhi hofu ikamfunga mdomo.

Lakini leo wakili hakuishia kwenye kuomba tarehe.

"Na hata dereva akipatikana, Mheshimiwa, hawa kina mama walikuwa wameweka magunia karibu kabisa na lami. Kwa maneno mengine, walijitakia."

Karani aliendelea kuandika. Jeff, aliyekuja kortini leo kwa mara ya kwanza na hakuwa ameangalia nyuma, alikuwa safu ya mbele akipekua simu yake. Kemboi alimwona Wangare akiinamisha kichwa, na hasira ikampanda. Hofu haikuwepo tena.

Alisimama.

"Kaa chini wewe," askari wa korti alisema.

"Sikai. Nimekaa mwaka mzima." Alitoa kitambulisho, akakiinua juu. "Mnasema hamjui Kemboi ako wapi. Ako hapa. Ni mimi."

Simu ya Jeff ilianguka sakafuni.

Wakili wa Wangare, msichana mwembamba aliyeitwa Chesang, alikuwa ameshasimama kuomba ruhusa amwite kama shahidi. Wakili wa kampuni alipinga kwa sauti. Hakimu alikiangalia kitambulisho cha Kemboi, kisha akaagiza aapishwe.

Kemboi alisema yote. Kwamba siku hiyo alikuwa kazini kama siku nyingine yoyote. Kwamba mara tatu alimweleza Jeff kuwa breki zimekufa. Alitoa simu yake ya zamani akaisikilizisha korti ujumbe wa sauti aliotumiwa asubuhi ya ajali, na sauti ya Jeff ikajaa chumba.

"Wacha kunisumbua na mambo ya breki kila siku. Shusha mzigo Mai Mahiu. Ukirudi fundi ataangalia."

"Unajua unaweza kushtakiwa kwa hayo unayosema?" wakili wa kampuni alimuuliza.

"Najua. Nilikimbia, na mtu alikuwa amekufa. Nishtakiwe. Lakini wewe nawe uache kusema Joan alijitakia."

Hakimu alikataa kuahirisha. Simu ikachukuliwa kama kielelezo, na Kemboi akaambiwa aende na askari akaandike taarifa. Jeff alijaribu kutoka, akarudishwa kitini.

Mlangoni Kemboi alimwomba askari dakika moja. Wangare alikuwa kwenye korido, ameegemea magongo yake, macho makavu. Kemboi alisimama mbele yake kama mtu anayengoja kofi.

"Dada, nisamehe. Nilikudanganya jina. Ulinilisha muda huu wote bila kujua unalisha nani."

Wangare alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, polepole.

"Nilikuona ukiruka kutoka kwa hiyo lori, Kemboi. Mguu wangu ulikuwa chini ya tairi na uliniangalia machoni kabla ukimbie. Siku ile uliingia hapa kortini nilikujua kabla ukae." Alishika magongo vizuri. "Ningekuita jina lako ungetoroka tena. Sasa umesema. Usiniite dada."