Vitanda Vitatu vya Suswa

Kila familia ilikuwa imetengewa sehemu katika mapango ya Suswa, ya kuhamia joto likizidi. Nasieku alikwenda kuiona yao pamoja na mumewe, binti yao na mama mkwe. Ubaridi uliwapokea mlangoni. Dari iling'aa kama iliyopakwa asali, pale lava ilipopita zamani ikaganda.

"Mungu fundi!" alisema Nasieku, akipapasa ukuta.

Ndani kabisa walikuta vitanda vitatu vimechongwa mwambani. Wazee waliopita umri wa miaka sabini hawakutengewa nafasi, na mama mkwe hakuwa ameambiwa.

"Pazuri mno," alisema. "Mimi nitalala wapi?"

Nasieku alijilaza, akajibana ukutani. "Hapa na mimi, mama."

"Mlangoni walinzi watatuhesabu," mumewe alimnong'oneza.

Nasieku akazidi kujibana.