Talaka ya Mfano

Tangu simu ziwekewe sikio la kadhi, mwanamume akitamka talaka popote, mkewe huletewa ujumbe. Wangu ulinikuta nakuna nazi: "Bi Mwanakheri, umepewa talaka moja. Eda yako imeanza."

Mume wangu, Maalim Shaali, alirudi kutoka chuo chake cha Kurani na mikate ya mofa. Nilimpa simu; alipousoma ujumbe akacheka.

"Nilikuwa nasomesha mlango wa talaka, mama Nuru. Nilitoa mfano tu. Simu haijui mfano."

"Na jina langu lilifuata nini kwenye mfano? Si wewe husema mwanamke wa vitabuni ni Zainabu?"

"Ulimi umeniteleza. Nitamweleza kadhi, na wanafunzi watanishuhudia."

Ulimi kweli hauna mfupa. Nikamtilia mchuzi, akala mpaka akalamba vidole, kisha akaingia chumbani kupumzika.

Nilipomaliza kuosha vyombo niliufungua tena ujumbe ule. Chini kabisa uliandikwa wakati talaka iliposikika: jana, Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Miaka kumi na minne ya ndoa, sijaona chuo cha Maalim kikifunguliwa Ijumaa.

Huko chumbani nikamsikia anazima simu.