Mlinzi wa Mtama

Zamani sana Kanga, ndege wa madoadoa, alikuwa akila popote miguu ilipomfikisha. Mwaka mmoja akapanda mtama, nao ukastawi hata akajenga ghala. Nyani walipoanza kumwibia, akamwendea Nyegere, mwenye meno makali.

"Nitakulindia, Bi Kanga," alisema Nyegere. "Unipe kikapu kimoja tu kila mavuno."

Mavuno yaliyofuata alidai vikapu viwili, kwa kuwa alikuwa ameleta ndugu zake wamsaidie. Baadaye akadai nusu, na Kanga akalima mpaka kucha zikamwisha.

Ukame ulipoingia, Kanga alikwenda mlangoni pa ghala.

"Bwana Nyegere, wanangu wana njaa. Nifungulie."

"Mtama huu ni wa walinzi," Nyegere alijibu bila kuinuka.

"Basi bakini nao. Sisi tunarudi porini."

Nyegere akawaita ndugu zake, wakaziba njia.

"Mkienda, nani atalima?"

Kanga aliwatazama wanawe. Wote walizaliwa shambani, na hakuna aliyejua mbegu ipi ya porini huliwa na ipi huua. Akaokota jembe lake, kisha akamkabidhi kifungua mimba wake jembe la pili.