Kipande Kilichorudishwa

Hapa kijijini Mkumbara tulilisubiri mwaka mzima toleo refu la filamu ya shujaa anayepaa, lile ambalo mwongozaji amelirudishia vipande vilivyokatwa. Lilipofika, Kibwana anayetutafsiria kwenye banda la video akawa amekaukiwa na sauti kwa mafua. Maiki nikapewa mimi, kwa kuwa toleo fupi nalijua lote kwa kichwa.

Kiingereza sikijui.

Kikaja kipande nisichokijua. Shujaa aliingia kwa mama yake, akaketi. Maiki ikaniteleza kwa jasho.

"Dada, wanasemaje? Au umemeza maiki?" mtazamaji mmoja akapaza sauti.

Mama akamvua buti moja, akamvua la pili, akaanza kumwosha miguu. Midomo ya wote wawili ilikuwa imefungwa.

Pumzi niliyoshusha ikasikika kwenye spika.

"Tulieni, jamani," nikasema. "Mama analia."