Mbavu za Mwanga

Eda ilipokwisha, Bi Mwanakheri aligawa nguo zote za marehemu mumewe. Ikabaki picha ya eksirei ya kifua chake.

"Hiyo nayo itoe, mama," alisema Ramla, bintiye aliyesomea sayansi ya nyota.

"Nimpe nani? Nani atavaa mbavu za baba yako?"

Ramla akacheka, kisha akamwonyesha kwenye simu picha ya wingu linalong'aa. "Hii ni gesi iliyo katikati ya kundi letu la nyota. Kwa jicho huioni. Ina joto kali mpaka inatoa miali ya eksirei yenyewe."

"Bila mashine?"

"Bila mashine."

"Subhanallah."

Bi Mwanakheri akaiinua picha ya mumewe dirishani. Jua la asubuhi likaipenya, mbavu za mwanga zikalala juu ya mswala. Akaisogeza kidogo mbele na nyuma, nazo zikawa kama zinapumua.